Viazi Vilivyokataa Kuganda

Kila jioni ya mwezi wa Juni, Basilia Choque aliwarudisha zizini lama, wanyama wao wa mizigo, akachota maji kijitoni, kisha akamsaidia mama yake kuchagua viazi. Vidogo viliwekwa kando kwa ajili ya chunyo. Hutandazwa nje vigandishwe na sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku, asubuhi hukanyagwa kwa miguu mitupu hadi maji yatoke, kisha huanikwa juani. Vikikauka hudumu miaka. Mvua zinapokuja na ghala likawa tupu, chunyo ndicho chakula.

Jioni moja mama yake, Leandra, alikuwa ameteguka mguu. "Wapakie lama magunia haya mawili, uyapeleke uwandani, kule chini kando ya kijito," alimwambia. "Tandaza kimoja kimoja, visipandane."

"Sawa, mama."

Binamu yake Evaristo, wa nyumba ya pili, alikuwa ameketi ukutani akitafuna mahindi ya kukaanga. "Kimbia basi, malkia wa viazi! Ukichelewa supu yako naila mimi."

Uwanda ulikuwa mbali, na Basilia alikuwa na njaa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kilima chenye nyasi fupi. Theluji hukaa juu ya milima, alijiambia, basi juu ndiko kwenye baridi zaidi. Akavitandaza viazi pale harakaharaka, akarudi supu ikiwa bado ya moto.

"Umevipeleka uwandani?" mama yake aliuliza.

"Uwandani, mama. Karibu kabisa na kijito."

Alfajiri alipanda kilimani kabla wengine hawajaamka. Alibonyeza kiazi kimoja, akabonyeza kingine. Vilikuwa vibichi vilevile. Akavikusanya, akazunguka kwa chini ili aonekane anatoka uwandani.

Leandra alikata kiazi kwa kisu, akakitazama ndani. "Vimelala uwandani, na havikuganda?"

"Ndiyo, mama."

Leandra akamwita mumewe. "Saturnino! Baridi imetukimbia mwaka huu. Vihamishe viazi vyote kwa kaka yangu, ng'ambo ya mlima, ambako bado kunaganda, kabla mawingu hayajaja."

"Vyote? Ni safari ya siku mbili, na lama wetu wengine wana mimba!"

"Sasa mvua zikija tule nini? Mawe?"

Gumersinda, mama yake Evaristo, alisikia akiwa uani kwake. "Kama ni hivyo ningojeni, shemeji. Na vyangu navifunga twende pamoja."

Saturnino akaanza kupakia. Lama mmoja mwenye mimba alipiga magoti chini ya gunia, akakataa kuinuka.

"Mbona umepauka kama unga?" Evaristo alimwuliza Basilia.

"Nyamaza, wewe." Akamwendea baba yake, akashika kamba. "Baba, fungua. Uwanda una baridi yake. Mimi ndiye ambaye sikufika."

Evaristo alicheka. Gumersinda alimkazia macho, akakoma.

"Uliviweka wapi?" Leandra aliuliza.

"Kilimani, nyuma ya nyumba. Nilidhani juu kuna..."

"Ulidhani, au uliona uvivu?"

"Niliona uvivu, mama."

Saturnino aliishusha mizigo. Jioni hiyo Basilia alitandaza uwandani viazi vya nyumba zote mbili, kimoja kimoja, hadi vidole vikafa ganzi. Asubuhi vilikuwa vyeupe kwa sakitu, vigumu kama kokoto. Jua lilipovilegeza, wote wakavua viatu na kuanza kukanyaga. Leandra alisimama pembeni, akiegemea fimbo.

"Hewa ya baridi ni nzito," alimwambia binti yake. "Usiku ukitulia hushuka kutoka kilimani kama maji, ikatuama hapa. Ungeniuliza, ningekuambia."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini sikia. Uvivu wako ulitupotezea usiku mmoja tu. Uwongo wako ulitaka kutupotezea uwanda mzima, na lama, na chakula cha jirani. Mimi siwezi kuuhoji uwanda kama uligandisha au haukugandisha. Nakuuliza wewe, na neno lako ndilo ninalolipangia chakula cha mwaka. Kwa hiyo ukikosea, niambie umekosea. Haya, kanyaga, mwanangu. Bado vina maji."