Orodha ya Waliopona

Jirani yetu mmoja alikuwa mtangazaji wa uwanja wa mpira wa mji. Tulimwita Kipaza, kwa sababu sauti yake ilifika sokoni hata umeme ukikatika. Uwanja ule ulikuwa wa kila kitu: mechi za Jumamosi, riadha za shule, gwaride, mikutano ya maombi, na mwaka mmoja hata usaili wa polisi, watu elfu tatu wakiandika mtihani wameketi kwenye nyasi. Yote hayo aliyatangaza kutoka kwenye kibanda cha vioo juu ya jukwaa kuu.

Kisha ukaja ule mwaka wa maradhi. Hospitali zilijaa, vitanda mia tatu vikapangwa uwanjani kwa mistari. Ndugu walizuiwa kuingia. Kila siku saa nne asubuhi Kipaza alisoma kwenye spika majina ya waliopona, na nje ya geti wenye watu wao walipiga vigelegele. Waliokufa hawakusomwa. Karani alitoka tu kwa mlango mdogo ulio ubavuni mwa geti, akamnong'oneza mtu sikioni.

Mke wa Kipaza naye alilazwa humo, karibu na duara la kati. Kila asubuhi aliinua mkono kuelekea kibandani, na Kipaza akainua wake. Siku ya tisa kitanda kilikuwa kitupu, shuka limetandikwa. Kipaza alikuwa katikati ya orodha. Akaisoma mpaka mwisho.

Tangu hapo alikuwa kama mtu aliyechomwa ganzi ya jino, ganzi ikasahau kuisha. Alikula. Alitangaza magoli. Alilala.

Miaka sita baadaye, Jumanne moja asubuhi, alikwenda kujaribu spika kabla ya mashindano ya riadha. Nyasi zilikuwa zimetoka kumwagiliwa maji. Hapakuwa na mtu isipokuwa mlinzi wa geti. Mezani alikuta karatasi ya majina, akadhani ni ya wakimbiaji.

"Moja, mbili. Moja, mbili," akasema, kisha akasoma jina la kwanza.

Nje ya geti mtu akapiga kigelegele.

Akadhani mlinzi ana wageni. Akasoma la pili. Vigelegele vikaongezeka. La tatu lilikuwa la fundi viatu wa mtaa wa nyuma, aliyezikwa mwaka ule wa maradhi. Kipaza alilitambua, lakini moyo haukuruka. Ulimi wake uliendelea na kazi.

Simu ikalia. Alikuwa mlinzi.

"Mzee, unasoma nini?"

"Majina."

"Acha. Nakusihi." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyejificha. "Huku nje hakuna mtu. Ila geti linasukumwa."

Kipaza hakukata simu. Akatazama uwanjani. Kwenye nyasi zilizolowa kulikuwa na michirizi, ile anayoiacha mtu akipita kwenye umande. Kila mmoja ulianzia mahali pake, pale vilipokuwa vitanda. Yote ilielekea getini.

Akasoma jina jingine. Mchirizi mwingine ukaanza. Polepole. Kwa hatua fupi, za mgonjwa.

Jina la mwisho lilikuwa la mkewe.

Alikaa nalo, kidole kwenye swichi. Wenzake wote walikuwa na wa kuwapokea. Wa kumpokea huyu alikuwa huku juu, kazini. Lakini asiposomwa, abaki pale uwanjani peke yake?

Akalisoma. Kwa sauti ileile aliyosomea wengine.

Nyasi za duara la kati zikalala. Hatua moja. Nyingine. Zikavuka njia za wakimbiaji, zikiacha nyayo za maji kwenye sakafu nyekundu. Zikafika getini. Zikasimama.

Hapakuwa na kigelegele.

Nyayo zikaongezeka palepale. Nyingi. Zikikanyagana, kama za mtu anayegeuka huku na huku kutafuta sura moja.

"Mzee," mlinzi akanong'ona. "Mlango mdogo umefunguka."

"Nani ametoka?"

"Sijaona mtu. Nimesikia mwanamke ananiuliza kama Kipaza yuko nyumbani."

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema yuko. Sijui kwa nini. Mdomo umejisemea."

Kipaza akazima spika, akashuka, akatembea mpaka kwake. Aliishi peke yake. Ufunguo ulizunguka vizuri, lakini mlango haukufunguka. Akausukuma kwa bega. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Akabisha.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa kazini."

Akaketi kizingitini. Hakulia, hakuita mtu. Jioni tulipomkuta bado ameketi pale, tukamleta seremala, akaung'oa mlango kwenye bawaba. Madirisha yote yalikuwa na nondo, nayo yamefungwa. Ndani hamkuwa na mtu.

Chumbani, upande wa kitanda ulio ukutani, ambao kwa miaka sita hakuna aliyeulalia, godoro lilikuwa limelowa kwa urefu wa mtu. Vipande vya nyasi vilikuwa vimeganda kwenye mto. Upande wa pili ulikuwa mkavu. Shuka lake lilikuwa limefunuliwa vizuri, kama la mtu anayesubiriwa kuja kulala.

Tulisimama pale.

Kipaza akatushukuru, mmoja mmoja. Kisha akaanza kuvua viatu.