Maji ya Chemchemi

"Delta!" kundi la madirishani lilipiga kelele, na Meza ya Mabonde ikatii. Mchanga-hai uliotandazwa juu yake ulitetemeka, ukajipanga, na mto mwembamba uliokuwa ukishuka kutoka milima ya upande wa ubao ukagawanyika mikono mitano kabla ya kuingia baharini. Bahari yenyewe ilikuwa na upana wa sinia.

"Sahihi," Meza ilisema kwa sauti yake ya upole. "Delta ni eneo ambapo mto hugawanyika mikono kadhaa unapokaribia bahari au ziwa. Kundi linalofuata."

Mwalimu Sechelela aliegemea ukuta, akawaacha waendelee. Alikuwa amebakiza miezi saba astaafu, na tangu Meza iletwe, mwaka 2091, kazi yake katika kipindi cha jiografia ilikuwa kugawa makundi na kutuliza vurugu. Hakulalamika. Darasa la tano lilikuwa na watoto sabini na wawili, wote wamezaliwa katika Dodoma ambayo haikuwa tena na kijito hata kimoja, na sasa walijua maneno arobaini ya maji. Kila mmoja alipewa neno, akalijenga mchangani kwa mikono yake, na wenzake wakalitaja. Hakuna aliyechanganya kinamasi na bwawa.

Maji ya Meza yalitembea hivyo kwa sababu hayakuwa maji matupu. Mafundi waliyaita maji-elekezi. Yalichanganywa na chumvi za madini zilizofuata sumaku za chini ya Meza, hata yakaweza kupanda mlima yakiamriwa. Neno hilo halikuwemo katika yale arobaini.

"Kiwango cha maji kimepungua," Meza ilisema mwisho wa kipindi. "Ombi la kujaziwa liko tayari. Mwalimu, tafadhali thibitisha."

Sechelela alinyoosha kidole gumba kama alivyofanya kila Jumanne. Safari hii, kabla hajagusa kioo cha Meza, alimwona Nyemo akijipenyeza mlangoni. Mkono wa sweta lake ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko.

"Nyemo, njoo hapa mwanangu. Umeficha nini?"

Mtoto alisita, kisha akatoa chupa ya maji chini ya sweta.

"Ya nani haya?"

"Ya bibi, Mwalimu. Mtaani kwetu maji yanatoka mara moja kwa wiki, na bibi hawezi kukaa foleni."

"Bibi anayanywa?"

Nyemo aliuona uso wa mwalimu ukibadilika, akaanza kujitetea. "Sikuchota kwenye kinamasi, Mwalimu! Wala kwenye delta. Nachota pale kwenye chemchemi tu. Meza inasema chemchemi ni mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini, na kwa kawaida maji yake huwa safi na salama kwa kunywa."

Aliyasema yote bila kukosea hata neno.

"Na wewe umekunywa?"

"Hapana. Ni kidogo, namwachia bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue shule."

Sechelela aligeukia Meza. "Ulijua maji yanachotwa?"

"Upungufu wa nusu lita umerekodiwa mara tisa," Meza ilijibu. "Maombi manane yenye taarifa hiyo yametumwa, na yote yamethibitishwa na Mwalimu Sechelela Mwaluko."

Sauti ilikuwa ile ile ya upole.

Nyumbani kwa kina Nyemo, mwalimu na mtoto walimkuta bibi yake, Bibi Mbeleje, amejilaza, miguu imevimba hadi magotini. Kigari cha dharura kisicho na dereva kilifika baada ya dakika kumi na mbili. Hospitalini daktari alisema ataishi, ila figo zimeharibika. Damu yake itasafishwa kwa mashine mara mbili kila wiki, maisha yake yote.

Kesho yake mwalimu mkuu alimwita Sechelela ofisini, akafunga mlango. "Andika kwenye ripoti kwamba mtambo ulikosea, dada yangu. Miezi saba tu, usijitafutie makubwa."

Sechelela aliandika kwamba mtambo ulimwuliza mara nane na kwamba mara zote nane hakusoma.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali mchana, akiwa bado na chaki kwenye vidole. Bibi Mbeleje alikuwa amefungwa kwenye mashine.

"Yalikuwa na ladha ya chuma," bibi alisema. "Nikadhani ndivyo maji yalivyo siku hizi. Mtoto kaniletea kutoka shule, nitayatemaje?"

Sechelela akamweleza habari ya kidole gumba, bila kujipunguzia.

"Mara nane?"

"Mara nane, mama."

Bibi aliisikiliza mashine ikivuta damu yake. "Na Nyemo? Mmemwambia ni kosa lake?"

"Hapana. Nimemwambia ni langu."

"Hajakuamini." Bibi alielekeza macho mlangoni. "Asubuhi nilimwomba maji. Alikijaza kikombe, akafika nacho mpaka hapa kitandani, kisha akageuka. Akaenda kukimwaga. Nimeletewa na nesi."

Sechelela alimnyooshea bibi shuka, akatoka. Nyemo alikuwa kwenye benchi la korido, mikono ameikalia. Miguu ya mwalimu ilikuwa inauma, na alikuwa na mtihani wa darasa zima wa kusahihisha. Akaketi kando ya mtoto, akaanza kumweleza upya, taratibu, tangu mwanzo.