Pazia Alilolipinda Mdogo Wangu

Chumba chetu cha kushonea kiko mbele ya nyumba, kinatazama barabara. Ndani mna cherehani mbili. Moja ni yangu, iko karibu na mlango. Ya pili iko dirishani. Hiyo ilikuwa ya mdogo wangu. Mama hukaa katikati, kwenye kiti kifupi, akikata nyuzi na kushona vifungo.

Mdogo wangu tulimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulichoma. Lakini kazi yake ilikuwa safi. Alipomaliza kupinda nguo alifunga fundo, akafunga jingine juu yake, kisha akalificha ndani ya pindo.

"Mafundo mawili ya nini?" Mama alimtania. "Unafunga ng'ombe?"

"Nguo ifumuke kwa wengine, Mama. Kwangu haifumuki."

Kazi yetu kubwa ilikuja mara moja kwa mwaka. Mwaka wa serikali ulipokaribia kwisha, karani wa manunuzi wa Idara ya Afya alikuja kutaka mapazia mapya ya ofisi. Kwa kazi hiyo tulilipa kodi ya nyumba, tukalipa madeni dukani, tukanunua nyuzi za miezi iliyofuata. Mama alikuwa akisema, "Wengine wanangoja mavuno. Sisi tunangoja mapazia."

Mwaka ule Sindano alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa kubwa, hata akakaa upande mbele ya cherehani. Karani alipoingia na kutuambia rangi mpya, Sindano alimtazama.

"Karani, madirisha yenu yanavaa kutushinda sisi. Mimi gauni hili ni la tangu sijaolewa. Nimeongeza kitambaa ubavuni tu."

Karani alicheka. "Dada, wewe shona. Fedha isipotumika mwaka huu, mwakani tunapunguziwa."

Tukacheka naye. Hatukuuliza zaidi. Tuliona fedha ya serikali ni ya serikali, kama mvua ilivyo ya mawingu. Ikikunyeshea, unashukuru.

Mimi nilikata mapazia. Sindano aliyapinda kwa mkono, maana cherehani ilimbana tumbo. Kwa vipande vilivyobaki vya kitambaa kingine alimshonea mtoto magauni mawili. Dogo lilikuwa la kuzaliwa, na kubwa la kuvaa akianza kutembea.

"Na akiwa wa kiume?" nikamuuliza.

"Atavaa hivyohivyo. Na asiponishukuru atakiona."

Uchungu ulimshika asubuhi, baada ya chai. Tukaenda zahanati kwa miguu, mimi na mume wake, shemeji yangu. Sindano alisimama kila alipoumwa, kisha akaendelea. Muuguzi alimpokea vizuri. Alimjua, alikuwa amempima miezi yote.

Kabla ya mchana mtoto alilia. Msichana. Shemeji alinikumbatia pale nje, akasahau kwamba alikuwa ameshika kikombe cha uji. Uji wote ukanimwagikia mgongoni. Tukacheka. Hicho ndicho kicheko chetu cha mwisho cha siku ile.

Muuguzi aliita. Sindano alikuwa anatoka damu nyingi. Muuguzi alimchoma sindano ya kukaza tumbo la uzazi ili damu ikatike. Haikukatika. Akamchoma nyingine. Alimkanda tumbo kwa nguvu huku jasho likimtiririka usoni. Shemeji alikimbia kutafuta gari la kutupeleka hospitali kubwa.

"Dada, nasikia baridi," Sindano aliniambia. "Nifunike."

Nilimfunika kwa shuka, kisha kwa shali yangu.

"Mtoto amevaa?"

"Amevaa. Lile gauni dogo."

"Angalia fundo," akasema.

Nikaangalia. Lilikuwa limekaa vizuri. Nilipogeuka kumwambia, macho yake yalikuwa hayanioni tena. Shemeji alifika na gari. Dereva alizima injini, akavua kofia.

Baada ya maziko, muuguzi alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kiti changu cha kushonea. Alilia kabla hajasema neno.

"Sikumnyima dawa," alisema. "Dawa ile inatakiwa ikae kwenye ubaridi. Ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu. Friji yetu imekufa siku nyingi. Naiweka dawa kwenye ndoo ya maji, nabadilisha maji asubuhi na jioni. Sikuwa na njia nyingine. Niliomba friji itengenezwe. Idara waliniambia fedha hakuna."

Mama alimshika mkono. "Siku yake ilikuwa imefika, mwanangu. Usijilaumu."

Watu wengi walisema vile. Na mimi niliitikia.

Mwaka ukazunguka. Mtoto tulimlea sisi, Mama na mimi. Shemeji alikuja kila jioni kumbeba. Cherehani ya dirishani tuliifunika kwa kitambaa.

Kisha karani akaja tena.

"Fundi, pole kwa msiba. Mkuu anataka rangi ya maziwa safari hii. Njoo upime."

Mama alinitazama. Nilijua anawaza kodi ya nyumba. Nikachukua futi, nikaenda.

Ofisi ilikuwa nzuri. Sakafu iling'aa. Nilipanda kiti kushusha pazia la zamani, na pindo likapita mkononi mwangu. Kidole changu kikagusa kitu kigumu. Nililigeuza pindo. Ndani mlikuwa na fundo, na juu yake fundo jingine.

Nilishuka, nikakaa kwenye kile kiti.

"Vipi, fundi? Kizunguzungu?" karani akauliza.

"Haya mapazia yana shida gani?"

"Hayana shida."

"Hayajachanika. Hayajapauka."

"Fundi, mwaka unaisha. Kuna fedha imebaki."

"Na haya yatakwenda wapi?"

"Stoo. Ukitaka, chukua moja." Alisema hivyo huku akisoma simu yake.

Nikachukua moja. Nikatoka bila kupima dirisha hata moja.

Jirani yetu ni mama mmoja mstaafu. Watoto wa mtaa humwita Bibi Mkaguzi, kwa sababu miaka yote ya kazi yake alikagua hesabu za ofisi za serikali. Siku hizi anafuga kuku, na watoto husema hata kuku anawakagua mayai. Jioni ile alinikuta barazani na pazia mapajani. Nilimweleza yote.

Kisha akaniuliza, "Ukipewa kitambaa cha kushona shati, unaanzaje?"

"Napima. Nagawa. Huku mwili, huku mikono, huku kola."

"Ukikata kola kubwa mno?"

"Mwili unapelea."

"Basi bajeti ya idara ni kitambaa. Sehemu moja ni ya kuendesha ofisi, yaani mishahara, karatasi, mafuta ya magari, mapazia. Hiyo inaitwa matumizi ya utawala. Sehemu nyingine ni ya huduma. Hiyo ni dawa, friji, maji ya zahanati. Ofisi lazima iwepo, hakuna shati lisilo na kola. Lakini watu hawavai kola peke yake."

"Kitambaa chenyewe ni cha nani?"

"Chako. Ukinunua uzi, kodi imo ndani ya bei. Ukinunua sabuni, imo."

Nikalitazama pazia. "Kwa hiyo haya mapazia tuliyalipia sisi wenyewe?"

"Mliyalipia, mkayashona, mkalipwa kwa fedha yenu. Na friji ikabaki imekufa."

"Basi wale ni wezi!"

"Taratibu, binti. Huenda hakuna aliyeiba hata shilingi. Huenda kila kitu kina risiti na mhuri. Fedha inaweza kutumika vibaya bila kuibwa. Ndiyo maana wananchi wanatakiwa kuuliza, wasisubiri mwizi."

"Karani anasema isipotumika wanapunguziwa."

"Ndivyo wanavyoogopa, na hofu hiyo imejaza stoo nyingi. Lakini fedha ikibaki upande wa ofisi, idara inaweza kuomba kibali ihamishiwe kwenye huduma. Inataka mtu aombe mapema."

Alinieleza kwamba kila mwaka, kabla bajeti haijapitishwa, kuna mkutano wa wazi. Tangazo hubandikwa kwenye ubao wa halmashauri. Mwananchi yeyote anaweza kwenda. Haulizwi cheo wala cheti.

"Ukienda, usitukane," alisema. "Uliza jambo moja, ulielewe vizuri. Ofisi ilipangiwa nini? Zahanati ilipangiwa nini? Vimetumikaje? Kisha omba jibu mbele ya watu, na uombe libandikwe mahali watu wanapopita."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Alisikia yote.

"Mwanangu, hilo ni tawi tulilokalia," alisema. "Ukilikata, huyu mtoto atakula nini?"

Usiku nililala na swali lake, asubuhi nikaamka nalo. Mama hakusema nami siku kadhaa, ila "lete mkasi" na "shika mtoto". Bibi Mkaguzi hakuja kunisukuma. Aliniachia mayai dirishani, akaenda zake.

Siku ya mkutano niliamka nikasikia harufu ya pasi ya mkaa. Mama alikuwa amelitandika pazia mezani, analinyoosha. Alipofika kwenye pindo aliinua pasi, akapitisha kidole juu ya lile fundo polepole.

"Usiende nalo na makunyanzi," alisema. "Watasema sisi hatujui kazi."

Ukumbi ulikuwa na watu wachache. Wengi walikuwa wazee, na wengine walikuwa wanasinzia. Mkuu wa idara alisoma tarakimu nyingi haraka haraka. Alipouliza kama kuna swali, alikuwa ameshaanza kufunga jalada lake.

Nilisimama.

"Mimi ni fundi cherehani. Nawashonea mapazia." Nikalikunjua mbele yake. "Hili lilikuwa ofisini kwenu. Mimi nililikata. Mdogo wangu alilipinda. Mnataka kulibadilisha. Naomba kuuliza, pazia hili lina ugonjwa gani?"

Watu wakacheka. Waliosinzia waliamka. Mkuu naye alitabasamu.

"Naulizia pazia," nikaendelea, "kwa sababu friji ya zahanati ilikuwa mgonjwa kweli. Haikutibiwa. Dawa ya kukata damu ikaharibika kwa joto. Mdogo wangu alijifungua pale. Hakurudi nyumbani."

Kicheko kilikatika.

Mkuu aliweka kalamu chini. "Pole sana, dada. Lakini mafungu ni tofauti. Fedha ya ofisi haitengenezi friji."

"Nimeambiwa mnaweza kuomba kibali ihamishwe. Mliomba?"

Alimtazama karani. Karani alitazama viatu vyake.

"Hatukuomba," mkuu akasema.

"Kwa nini?"

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hakuna aliyewahi kutuuliza."

Nyuma ya ukumbi, muuguzi alisimama akiwa na sare yake. "Mimi niliuliza, bosi. Niliambiwa fedha hakuna. Na mwezi uleule mapazia yakapita mlangoni kwangu yakienda ofisini."

Shemeji naye alisimama. Akaenda kusimama karibu na muuguzi. Mzee mmoja akauliza habari za glavu. Mama mwingine akauliza kwa nini wajawazito wanakwenda na maji yao wenyewe. Mkuu alifungua tena jalada, na safari hii alisoma polepole.

Siku ile waliamua mapazia yasishonwe. Idara ingeomba kibali, na fedha hiyo iende kwenye friji. Mapato na matumizi ya zahanati yangebandikwa mlangoni pake, kwa maneno tunayoyaelewa sote. Bibi Mkaguzi alisema maamuzi ni mbegu tu. Kila wiki yeye na mimi tulikwenda kuuliza yamefikia wapi. Kibali kilichelewa. Tulirudi tena. Mwishowe friji ikaja.

Mwaka ule hatukuwa na msimu wa mapazia. Tulishona sare za shule, tukatia viraka, tukahamia chumba kidogo zaidi upande wa uani, cherehani tu zikabaki mbele. Karani siku hizi hunisalimia kwa mbali. Mama hajanilaumu hata mara moja. Lakini nyakati nyingine namwona ametazama barabara, kama mtu anayengoja mgeni.

Juzi nilimpeleka mtoto kuchanjwa. Karatasi ya matumizi ilikuwa mlangoni, na mwanamke mmoja alikuwa anamsomea mwenzake kwa kidole. Muuguzi alifungua friji. Hewa baridi ilimgusa mtoto usoni, akacheka kwa sauti.

Siku ileile mwanamke mwingine alijifungua katika chumba kilekile alichofia Sindano. Damu ilimtoka nyingi. Muuguzi alimchoma sindano, na damu ikakatika. Niliambiwa nikiwa nje. Sikuondoka. Nilingoja na mtoto wetu mapajani hadi jioni. Siku iliyofuata nilirudi, nikamwona yule mwanamke anatoka kwa miguu yake, mama yake kambebea mtoto. Walinisalimia. Hawakunijua. Niliitikia, nikawatazama hadi walipokata kona.

Mtoto wa Sindano sasa anatembea. Analivaa lile gauni kubwa, na limeanza kumpanda magotini. Mama aliniambia nifumue pindo, nilishushe.

Nilikaa kwenye cherehani ya dirishani, nikajaribu kwa ncha ya mkasi. Fundo halikufumuka. Nikaongeza kitambaa kwa chini, nikaliacha mahali pake.