Bomba Kavu Nalo Hufungwa

Kwa maneno ya jirani wa kina Nukta, mama muuza mkaa, tangi jipya la shule lilinyonywa Jumapili mpaka likabaki ganda tupu.

"Lita elfu kumi, mwenzangu! Hata ng'ombe mia hawanywi hivyo," alisema Jumatatu jioni, ameegemea ua, mikono myeusi hadi viwikoni. Na mnyonyaji alimjua. Alikuwa yule mfagiaji ambaye wanafunzi wote walimwita Shangazi, kwa kuwa funguo za tangi alikuwa nazo yeye peke yake. Muuza mkaa alimwona kwa macho yake haya mawili akitoka lango la shule na madumu mawili. Kama maji hayakwenda kwa waosha magari, yalikwenda wapi?

"Madumu mawili ndiyo lita elfu kumi?" mama yake Nukta aliuliza bila kuinua kichwa kwenye cherehani.

"Haba na haba, mama. Wewe shona tu."

Nukta alikuwa pembeni akisugua sufuria. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa udogo wa umbo lake, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisugua mahali palepale mpaka mama yake akamwambia sufuria itatoboka. Yeye ndiye aliyejua maji yalikokwenda.

Shule yao ilikuwa ya kanisa, ya kutwa, na ukuta wake wa mbele uliandikwa kwa rangi ya bluu: UCHAJI, UAMINIFU, BIDII, USAFI. Mwaka ule ilijivunia chumba kipya cha kunawia chenye vigae vyeupe na sinki kumi na mbili zilizopangwa mstari mmoja. Mchungaji alikizindua kwa maombi marefu hadi watoto wawili wakasinzia wamesimama. Mlangoni palibandikwa sheria: atakayeharibu au kupoteza mali ya shule atarudi nyumbani kumleta mzazi. Nukta alisomeshwa na kanisa, na kila muhula barua ya mfadhili iliuliza swali lilelile: tabia ya mtoto ikoje?

Basi, Ijumaa iliyopita zamu ya usafi ilikuwa yake. Shangazi alikuwa amefunga koki kubwa nyuma ya jengo, ile itoayo maji tangini kwenda mabombani, ili tangi lijae. Nukta alifungua bomba la saba, likakohoa, likanyamaza. Akafuta sinki kwa kitambaa, akabeba mkoba wake, akaenda zake. Hakulifunga. Kila muhula Shangazi aliwaimbia wimbo mmoja, "Bomba kavu nalo hufungwa, watoto," lakini mtu aliyeamka alfajiri kupanga foleni ya maji ya nyumbani huwa na masikio mazito ifikapo saa kumi jioni.

Jumapili jioni Shangazi alikuja kufungua koki kubwa, tayari kwa Jumatatu, akarudi kwake. Bomba la saba likamwaga usiku mzima. Maji yalishuka kwenye mtaro, hayakuacha hata tope la kushuhudia.

Jumatatu Nukta alikuwa wa kwanza kufika, kama kawaida yake, ili anawe vumbi la njia kabla ya ibada. Alikuta bomba lake likidondosha matone ya mwisho. Tone. Kimya. Tone. Alielewa papo hapo. Mkono ukalifunga kabla kichwa hakijauliza kitu, kisha akatoka akiwa na vumbi lake miguuni.

Kwenye gwaride Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba tangi halina hata tone. "Funguo zina mtu mmoja," alisema. "Shangazi, naomba uzirudishe mpaka ukweli ujulikane. Kamati itakaa Ijumaa."

Shangazi alivuka uwanja mzima kwa ndala zake, watoto mia tatu wakimtazama. Alizifungua funguo kwenye mkanda wa aproni. Fundo lilikuwa gumu, vidole vikateleza, na ule muda aliohangaika nalo Nukta aliuona mrefu kuliko ibada.

Tangu siku hiyo kila mwanafunzi aliagizwa kuja na dumu la lita tano. Nukta sasa aliamka mapema zaidi, apange foleni mara mbili. Alitembea ameinama upande, alisinzia kwenye hesabu, na kiranja aliandika jina lake kwa kuchelewa. Hata kuomba alichoka. Akifumba macho aliona vidole vya Shangazi na lile fundo.

Jumatano rafiki yake, waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kuzima, alipaza sauti Shangazi alipokuwa akipita na ufagio: "Jamani, pisheni! Lori la maji hilo!"

Watoto wakacheka. Shangazi akasimama, akashika kiuno.

"Ningekuwa lori, mwanangu, ningekuwa na magurudumu. Mimi nina magoti tu, na leo yamegoma." Akamgeukia Nukta. "Na wewe mbona umepauka hivyo? Lete hilo dumu nikusaidie."

Alilichukua, akalibeba hadi darasani. Nukta alimfuata nyuma mikono mitupu, na mikono mitupu hiyo ilimwelemea kuliko dumu.

Alhamisi jioni mama yake alimkuta amekaa kando ya ndoo, hajaiingiza ndani.

"Ndoo moja tu imekushinda?"

"Si ndoo, mama."

"Ni nini basi?"

Nukta akaeleza yote, tangu bomba lilipokohoa hadi tone la mwisho. Mama yake aliacha kushona. Alisugua macho kwa muda mrefu. Sare za watu bado zilikuwa zimerundikana kitandani.

"Watanifukuza," Nukta alisema. "Watamwandikia mfadhili."

"Huenda. Sitakudanganya." Mama alivuta pumzi. "Lakini uchovu wa ndoo huisha ukishaitua. Huo wako utautua wapi, mwanangu, kama si kwa Shangazi mwenyewe? Kesho tutakwenda shuleni. Nitakaa nje ya mlango. Kusema utasema wewe."

Ijumaa, kabla ya kengele ya ibada, Nukta aligonga mlango wa ofisi. Mwalimu Mkuu alikuwa anatayarisha karatasi za kamati, na Shangazi alikuwa ameitwa tayari, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua.

"Bwana asifiwe, Mwalimu."

"Asifiwe milele. Kuna nini asubuhi hii?"

"Bomba la saba nililiacha wazi mimi. Ijumaa. Na Jumatatu nikalifunga, nikanyamaza. Shangazi hakuchukua maji."

Shangazi akamtazama. "Na yale madumu mawili yalikuwa ya maji machafu ya kudekia," alisema taratibu. "Nilikwenda kuyamwaga. Hakuna aliyeniuliza."

Mwalimu Mkuu alivua miwani. Bila miwani alionekana amechoka kama wao.

"Sikia, binti yangu. Kusahau bomba ni kosa, lakini ningelisamehe Jumatatu ileile. Ulipolifunga ukanyamaza, mtu mzima amedharauliwa siku nne kwa ajili yako. Ukweli uliocheleweshwa kuna mwingine anayeubeba. Ulikuwa umefungua bomba la pili, na hilo halimwagi maji, linamwaga heshima ya mwenzako. Kulifunga ni kusema, na leo umesema." Akaandika kitu, akakikata. "Shule hutaachishwa. Mfadhili nitamwandikia yote mawili, ulichokosa na ulichokiri. Kwa mwezi mmoja, kila jioni utakagua mabomba yote kumi na mawili pamoja na Shangazi."

"Ndiyo, Mwalimu." Nukta akapiga magoti mbele ya Shangazi. "Nisamehe, Shangazi."

"Inuka, sakafu nimeipiga deki sasa hivi." Shangazi alimvuta mkono. "Nimekusamehe. Lakini hayo mabomba utayakagua, usidhani nitakuachia hata moja."

Mwalimu Mkuu alifungua droo, akatoa funguo, akazisukuma juu ya meza. "Haya, Shangazi. Chukua. Mambo yamekwisha."

Shangazi hakunyoosha mkono. Alizitazama funguo, kisha akatazama dirishani, ambako watoto walianza kujipanga uwanjani, kila mmoja na dumu lake.

"Mwalimu, sijakataa kazi," alisema. "Ila hizi nilizitoa gwarideni, watoto wote wakiona. Naomba nirudishiwe palepale."

Kengele ya ibada ikalia. Mwalimu Mkuu alivaa miwani, akaivua tena, akaanza kuifuta kwa pindo la nguo. Mlangoni mama yake Nukta alikuwa amesimama na utepe wake wa kupimia nguo shingoni, akisubiri. Funguo zilikuwa bado mezani.