Amplifaya Iliyoitika

Jua lilikuwa linazama Mpiga Solo alipofika kwa mjane, gitaa mgongoni na penseli mfukoni. Penseli haikuwa ya kuandikia. Aliyezoea amplifaya za zamani, zile za valvu, anajua kazi yake: vile vitaa vya kioo vilivyomo ndani hugongwa taratibu, kimoja kimoja, huku ukisikiliza spika inajibu nini. Valvu nzima hukaa kimya. Iliyochoka hulia ting. Na ikichoka sana, mtu akikohoa tu chumbani, humrudishia kikohozi chake. Mafundi huiita valvu yenye masikio.

Amplifaya yake mwenyewe ilikuwa imeungua jukwaani. Moshi ulitoka, na watu wakapiga makofi wakidhani ni mbwembwe. Kiongozi wa bendi hakupiga makofi. Alimwambia waziwazi kwamba asiyekuwa na chombo onyesho lijalo akae nyumbani alee mimba ya paka. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamdokeza habari za mjane mmoja mwenye amplifaya ya kale ambayo hajawahi kuitangaza popote.

"Kizuri chajiuza," alisema.

"Ukaikague vizuri," mkewe alimwambia alipokuwa anatoka. "Wewe ukishapenda kitu huoni kasoro."

"Ndivyo nilivyokuoa," akajibu, na kitambaa cha jikoni kikamfuata kisogoni.

Binti yao alimsindikiza hadi mlangoni akiongea. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hakuwahi kupumzika. Aliongea akila, aliongea akioga, na usingizini aligombana na watu wasiojulikana. Baba yake alijifanya kuchoshwa naye. Lakini jukwaani, kila solo ilipokolea na vidole vikaanza kwenda vyenyewe, alipaza sauti: "Chirikuuu!" Wapiga gitaa wengine huwataja wenye fedha zao. Yeye alimtaja mwanawe tu. Wala hakuwa akikusudia. Jina lilimtoka kama jasho.

Mjane alifungua mlango kabla hajabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliweka kidole mdomoni, akampeleka jikoni, akafunga mlango nyuma yao. Hapo ndipo aliponong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Chombo kiko chumba cha nyuma. Chomeka, piga, sikiliza. Ila usiimbe. Na usimtaje mtu."

"Mtu gani?"

"Yeyote unayempenda."

"Kwa nini, mama?"

Mjane alitazama ukuta, upande wa chumba cha nyuma.

"Nakuomba tu," alinong'ona.

Wazee wana mambo yao, Mpiga Solo alijiambia, na upweke nao unaongeza. Lakini akipita ukumbini aliona saa ya ukutani imesimamishwa. Bawaba za milango zilikuwa zimelowa mafuta. Kila mguu wa kiti ulikuwa umevalishwa soksi. Nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa kunyata.

Amplifaya ilikuwa pale, peke yake, katikati ya chumba kitupu. Ngozi yake nyeusi ilikuwa imechanika kidogo pembeni. Aliizungusha, akafungua mgongo, akachungulia. Transfoma haikuwa na kutu. Karatasi ya spika ilikuwa nzima, haina hata kiraka. Nyaya zilikuwa zile zile za kiwandani, hakuna fundi wa vichochoroni aliyewahi kutia mkono. Moyo ukaanza kumdunda kwa tamaa, na mtu mwenye tamaa ni mkaguzi mbaya.

Akawasha.

Valvu zilipopata moto vumbi likanuka kuungua, kama kawaida. Lakini chini ya harufu ya vumbi kulikuwa na nyingine. Ya uvuguvugu. Harufu ya chumba walimolala watu wengi, madirisha yamefungwa.

Alitoa penseli, akagonga valvu ya kwanza.

Ting.

Kumbe ina masikio. Vizuri, hiyo ni sababu ya kuomba apunguziwe. Akagonga tena, polepole.

Ting... ting.

Ya pili hakuigonga yeye.

Alikaa na penseli hewani. Mwangwi, alijiambia. Chumba kitupu lazima kiwe na mwangwi. Mtu mwenye akili zake angefunga begi la gitaa hapo hapo na kwenda zake, lakini mtu mwenye akili zake hategemei gitaa ili ale. Akachomeka waya, akapiga kamba moja.

Ee Mola. Sauti ilitoka nene na tamu, ikajaa chumba, ikamwingia kifuani. Maisha yake yote alikuwa akiitafuta sauti ile kwenye amplifaya za wenzake, na hakuwahi kuipata. Akapiga kidogo, akazidisha, macho yakafumba yenyewe. Vidole vikaanza kukimbia. Akasahau mjane, akasahau soksi za viti, akasahau hata sababu iliyomleta, na solo ikakolea...

"Chirikuuu!"

"Abee, baba."

Kamba zikazimika chini ya kiganja chake.

Ilitoka kwenye spika. Haikutoka dirishani, wala kichwani mwake. Sauti ya mwanawe, safi, yenye kile kikwaruzo chake cha asubuhi. Ikafuata pumzi fupi, kama ya mtoto aliyegeuka kutazama ni nani kamshika bega.

Kisha muungurumo mtupu.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyesikia akija.

"Umemtaja nani?"

"Mwanangu... Ni mazoea tu, mama. Ulimi umeteleza."

Mama yule alimtazama, na machozi yakaanza kumtiririka bila uso kukunjamana. Aliinama, akang'oa waya ukutani, akauviringa vizuri, akamwekea mkononi.

"Basi kichukue. Sitaki kitu chochote kwako."

Wala hakunong'ona tena.

Tusimcheke Mpiga Solo. Mtu asiyekuwa na kitu akipewa cha bure, miguu hutangulia na akili hufuata baadaye. Aliibeba ile amplifaya hadi nyumbani akisimama kila kona kupumua, na kila aliposimama alijiambia kwamba sikio la mwanamuziki hulishwa kelele miaka mingi, haliwezi kukosa kudanganya.

Chiriku alitoka mbio kumpokea. Alimkumbatia miguu, akainua uso, akaanza kumsimulia. Mikono ilirushwa, macho yaliviringishwa, mdomo ulikwenda. Alikuwa anasimulia habari ndefu yenye watu wengi.

Hakukuwa na sauti.

Mtoto mwenyewe alikuwa bado hajakubali. Alisimama, akashika koo, akaanza upya habari ile ile kutoka mwanzo.

"Amekuwa hivyo ghafla," mkewe alisema, ametoka na unga mikononi. "Alikuwa ananihadithia mambo ya shule, mara akageuka akaitika, 'Abee, baba.' Nikamwambia baba yako hajarudi. Basi. Tangu hapo hajatoa hata neno."

Mpiga Solo aliketi chini, pale pale kizingitini.

Daktari alimulika koo, akasema koo ni zima, sauti itarudi yenyewe, watoto ndivyo walivyo. Fundi redio wa jirani alifungua amplifaya, akagonga valvu, akakiri kwamba valvu yenye masikio husikia chochote kilichomo chumbani. Namna inavyoweza kumsikia aliye mbali, hakujua. Alikusanya vifaa vyake upesi akaondoka, akasahau bisibisi, na hakuirudia.

Ndipo Mpiga Solo alipoiwasha, mlango umefungwa, mkewe kasimama ukutani na mtoto kamshika nguo.

Muungurumo. Harufu ya uvuguvugu.

"Chiriku?"

"Abee... Baba, mbona umechelewa?"

Mkewe alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mtoto aliyemshika nguo alisikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kasha, akaziba masikio.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Sijui. Kuna giza. Kuna watu."

"Watu gani?"

"Hawasemi. Wanasikiliza tu." Kisha kwa sauti ya chini, ya kutaka wengine wasisikie: "Baba, usizime. Ukizima, wanasogea."

Kesho yake jioni alirudi kwa mjane, ameazimia kumlazimisha airudishe hali kama ilivyokuwa. Alimsikia tangu mbali. Alikuwa anafagia nje huku anaimba kwa sauti ya juu, na milango ya nyumba iko wazi inabamizwa na upepo bila mtu kujali. Alipomwona akaacha kuimba.

"Mtoto yumo?"

"Yumo."

"Anaongea bado?"

"Anaongea."

"Kaa naye, basi. Ongea naye maadamu anakujibu kwa sauti yake." Aliegemea ufagio. "Mimi wangu alikuwa mume. Nilimwita chakula kiko tayari, chombo kikiwa kinawaka. Hilo tu. Mwili haukudumu sana baada ya hapo. Nikakaa na sauti yake miaka, nanong'ona ndani ya nyumba yangu nisije nikamtaja mwingine. Mwishowe nikawa naita, anaitika mtu nisiyemjua."

"Anatolewaje?"

Mjane aliendelea kufagia mahali ambapo palikuwa pameshafagiwa.

"Umemtupa mumeo," Mpiga Solo alisema.

"Nilikwambia usimtaje mtu," alisema mama yule, na akaingia ndani.

Tangu hapo amplifaya haikuzimwa. Mpiga Solo hakwenda kwenye onyesho, na bendi ikapata mtu mwingine, na hilo halikumuuma hata kidogo. Kilichomuuma ni ile valvu. Aina ile haitengenezwi tena popote, na kila saa inapowaka inajila yenyewe. Ukiizima, wanasogea. Ukiiacha, inakwisha. Alikuwa akikaa mbele yake akitazama wekundu ndani ya kioo, akihesabu dhambi zake na asiione iliyolingana na adhabu hii.

Mkewe alihamia chumba kile. Alitandika mkeka mbele ya spika, akawa anazungumza na mwanawe mchana kutwa: shule, jirani, nguo zinazokauka, mambo ya kipuuzi. Mara nyingine walicheka. Na Chiriku mwenyewe, yule wa mwili, aliketi pembeni akiwatazama. Aliacha kujaribu kusema. Halafu akaacha kucheza. Kumpenda mtoto aliye mbele yako huku ukimsikiliza aliye kwenye kasha ni jambo gumu, na wazazi wake walishindwa. Waliona kwamba wameshindwa, na hawakujua wafanyeje.

Jioni moja mvua ilinyesha, na umeme ukakatika.

Mtaa mzima ulisema "Aaaah!" kama kawaida. Mtu alicheka, mtu akaitisha mshumaa. Kwao hakuna aliyetikisika. Valvu haipoi mara moja. Wekundu ulibaki kidogo ndani ya kioo, ukififia, na kwa mabaki yale ya moto sauti ilitoka mbio mbio:

"Baba, wamesimama. Baba, wanakuja. Mama! Mama! Ma..."

Giza.

Mpiga Solo alisikia mvua juu ya bati na meno ya mkewe yakigongana. Hakujua wamekaa hivyo muda gani.

Umeme uliporudi waliitazama valvu ikianza kuiva, polepole, kwa uzembe wake wote wa kizamani. Muungurumo ukapanda.

"Chiriku?"

Kimya.

"Chiriku, mwanangu?"

Kisha mtu akakohoa kidogo, kama anayeomba radhi. Sauti ilikuwa ya mtu mzima. Ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Amelala," ilisema. "Akiamka analia sana. Huku hakuna wa kumbembeleza."

Halafu, kwa adabu ile ile:

"Mwite mwingine."

Mkewe aliinuka. Alimwondoa mtoto miguuni pake, akambusu utosini, akakaza kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayekwenda safari. Akapiga magoti na kuweka uso kwenye kitambaa cha spika. Mpiga Solo alielewa kwa kuchelewa. Ndivyo alivyoelewa kila kitu.

"Mama Chiriku, usi..."

Alitaja jina lake mwenyewe. Jina zima, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo mumewe hakuwa amelisikia tangu siku ya ndoa.

"Abee," ikaitika amplifaya.

Mwanamke aligeuka kumtazama mumewe. Midomo ilicheza, haikutoa kitu.

Siku hizi nyumba ile ni kimya. Mama na binti huketi mkekani wameshikana mikono, macho kwenye ule wekundu. Mpiga Solo akisogeza sikio kwenye spika huwasikia kwa mbali sana: mtoto analia, mama anambembeleza, na nyuma yao watu wengi wanapumua. Huwaita. Hawaitiki tena. Labda hawasikii, au wamekatazwa.

Kioo cha valvu kimeanza kuwa cheusi kwa juu. Mara nyingi amefungua mdomo ataje jina lake pia, awafuate, liishe. Lakini lazima abaki mtu mmoja wa kwenda kulipia umeme.