Ukuta Uliozibwa Pumzi

Ukuta wa chumba cha kushonea ulianza kutoka jasho muda mfupi tu baada ya manispaa kuupaka saruji. Mama Cherehani aliufuta kwa kitambaa, akakinusa: kilinuka chumvi, na harufu ya kinywa cha mtu aliyeshinda na njaa.

Mtaa wote ulikuwa wa nyumba za kale za mawe na chokaa, kazi ya mafundi waliojua kwamba ukuta nao hupumua. Manispaa ilitaka barabara yake mpya iwapendeze wageni, ikazipiga saruji nyumba zote, ndani na nje, hata hodi haikubisha. Kuta zilipovimba, mhandisi alikuja kutangaza kwamba ni mbovu, zibomolewe. Wao wameziharibu, wao wamezihukumu!

Mchana mmoja, jua la utosi, Mama Cherehani alikuwa akishona aliposikia mtu anahema. Akasimamisha mguu. Kuhema kukaendelea, polepole, nyuma ya saruji, kisha saruji yenyewe ikatuna kama shavu, ikanywea, ikatuna tena, na magauni ya wateja yaliyotundikwa yakawa yanasogea mbele na kurudi nyuma, yote kwa pamoja, hali dirisha limefungwa na upepo haupo, mpaka mkasi ukamponyoka na mwili ukamsisimka.

"Shemeji," alimnong'oneza mdogo wa marehemu mumewe, "humu kuna mtu."

Shemeji akamleta mganga. Mganga aliweka kiganja ukutani, akakichomoa mbio, kimeiva wekundu.

"Jini la nyumba," alisema kwa sauti ya chini. "Limekabwa koo. Nilitoe?"

"Liende wapi?"

"Popote. Si kesho wanabomoa, mama?"

Hofu yake ikageuka hasira. Alizaa humu, alifiwa humu. "Hatoki mtu. Si jini, si mimi."

Akachukua nyundo na tindo, akaanza kuibandua saruji mwenyewe. Kila kipande kilipoanguka, ukuta ulikoroma. Mganga na shemeji walitoka bila kuaga.

Asubuhi tingatinga likanguruma mlangoni. Mhandisi alimkuta amesimama mbele ya chokaa tupu, mweupe kwa vumbi.

"Toka, mama. Ukuta huu umekufa."

"Umekufa? Hebu weka sikio."

Alicheka, akaweka. Kicheko kikakatika. Akajivuta, shavu likawa limenata, na kifua chake kikaanza kupanda na kushuka sawasawa na ukuta, kwa pumzi isiyo yake, huku macho yakimtoka na kucha zikikwangua chokaa.

"Mwambie dereva azime," alisema Mama Cherehani.

"Zima!" mhandisi alipiga ukelele. "Zima, uondoke!"

Ukuta ukamwachia. Alikimbia ameachama mdomo, na sauti haitoki. Dereva akaliwasha tena tingatinga, akamfuata.

Mama Cherehani akarudi kitini. "Na wewe," aliuambia ukuta kwa ukali, "tutakaa kwa adabu. Umesikia?"

Karibu kabisa na kisogo chake, mtu akajibu kwa sauti ya mhandisi: "Nimesikia, mama."