Redio Zilizoongea Zikiwa Zimezimwa

"Kakao imelowa," sauti ilitoa fumbo la hatari kwenye simu.

"Wapi?"

"Itungi. Redio za doria."

Simu ikakatwa. Tusajigwe, jasusi asiyeamini hata kivuli chake, akageuza pikipiki kuelekea bandarini Itungi, Ziwa Nyasa.

Redio mpya zilikuwa mezani, zote zimezimwa. Akazisogezea kifaa chake cha kunasa mawimbi. Taa nyekundu ikawaka.

Zilikuwa zinaongea!

Ndani ya chipu zake kulifichwa amri isiyoandikwa kwenye kitabu chochote. Aliyeijua angeona kila boti ya doria ilipo. Na boti moja yenye redio hiyo ilikuwa tayari majini, inaelekea Matema, na Lugano ndani yake. Mdogo wake wa tumbo moja. Kumwita redioni kungemshtua adui, na simu yake ilikuwa imezimwa, kama ilivyo kawaida ya doria. Tusajigwe aliogopa, aliogopa kweli.

Redio zilifungwa na fundi aliyejiita Nancy, mke wa kijana wa Mzee Gwamaka wa Ikolo. Alikaa pembeni na Samsung yake, mtulivu kupita kiasi.

Tusajigwe hakuupenda utulivu ule. Akatuma bodaboda Ikolo ikamlete mzee.

Mzee alipoingia tu, Nancy akamwendea, mkono mbele, macho kwa macho.

"Shikamoo, baba mkwe!"

Mzee akaruka kando, akajifunika uso kwa kofia. "Mwee! Mkamwana gani huyu asiyenikimbia?"

Kwa mila, mzee hajawahi kumtazama mke wa mwanawe usoni, na ndiyo maana mtu yeyote angeweza kujiita mkamwana wake. Ila mkamwana wa Kinyakyusa angeshapotelea nyuma ya maboksi.

Kidole cha Nancy kikakimbilia simu.

Bastola ya Tusajigwe, Glock, ikatangulia. "Weka chini."

"Wenye bunduki za magendo wako ziwani," Nancy alisema. "Nikiwaonyesha boti ilipo, wanaipiga. Wananisubiri mimi."

Kwenye ramani ya simu ile, nukta moja ilikuwa inatembea majini. Tusajigwe akawaandikia kwa simu hiyo, kana kwamba ni Nancy: "Doria imeharibika injini. Shusheni mzigo Mwaya."

Wenye magendo wakashusha, wakitamba. Askari aliowatanguliza Tusajigwe wakawazoa ufukweni, wao na bunduki zao.

Jioni Lugano alirudi akipiga miayo. "Dada, leo tumezunguka bure. Ziwa kimya, hata mwizi wa nyavu hakuna!"

Machozi yalimlengalenga Tusajigwe. Akamvuta sikio kidogo, akawasha pikipiki, akaondoka bila kumwambia kitu.